Nafasi Mbili Tupu

Saa tisa usiku, Ostrava, baridi nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
na kabati la diski katika chumba cha chini cha hospitali
linaulizwa swali ambalo kila kifaa huulizwa kikiwashwa:
wewe nani?

Linajibu bila kigugumizi.
Herufi nane za jina la aliyeliunda,
kumi na sita za jina lake lenyewe,
nne za toleo, basi.
Nane, na kumi na sita: kipande na mshororo.
Sijui nani aliwafundisha wahandisi wale kuhesabu mizani.
Jina likipungua hujazwa nafasi tupu
lisije likawa guni.

KORVIN, linasema, kisha linanyamaza mara mbili.
ZULA-40, linasema, na kunyamaza mara tisa.
Kwa lugha ya pale zula ni itale, jiwe gumu.

Lakini Korvin ilishakufa.
Ilinunuliwa na Waholanzi, nao wakamezwa na wengine,
na kila bwana mpya alibandika nembo yake mlangoni
juu ya gundi ya mwenzake.
Hakuna aliyeshuka ndani kulibadilisha jina
pale linapotamkwa.

Usiku huu mfumo ni mpya, umewekwa jioni.
Kiini chake kinapitisha kidole kwenye orodha ya wanaojulikana:
huyu ana milango miwili, mbishie hodi mmoja tu;
huyu asubiriwe;
huyu husema uongo kuhusu ukubwa wake, msamehe.
Korvin haimo.
Basi kinalipokea kabati kama mgeni yeyote,
kinapiga hodi kushoto, kinapiga hodi kulia,
na kila hodi, mzigo mzima unahama bega.
Kushoto. Kulia. Kushoto.
Taa mbili za manjano zinapokezana
kama watu waliokutana kwenye ujia mwembamba,
kila mmoja akimpisha mwenziwe upande ule ule.

Ghorofa ya tatu, muuguzi Drahomíra Vašutová
anatazama duara linalozunguka kwenye skrini.
Picha ya pafu la mchimba makaa mstaafu
imo mle chini, nzima, haijapotea hata nukta.
Haifiki tu.

Simu inaita Brno.
Květoslava Hanzlíková anaamka, soksi mguu mmoja,
anaifungua orodha, anarudi nyuma katika historia yake
kutafuta nani aliikata Korvin, na kwa nini.
Miaka mitatu iliyopita, Ijumaa alasiri.
Sababu: kufagia. Hakuna anayelitumia tena.
Sahihi: yake.

Anaikumbuka Ijumaa ile. Mistari arobaini ilifutwa kwa mpigo,
na Bohdan wa meza ya dirishani
akamletea keki ya mbegu za mpopi.
Hakumuuliza mtu yeyote Ostrava.
Angemuuliza nani? Vyumba vya chini haviandiki barua.

Anaurudisha mstari. Anatuma. Taa zinaendelea kupishana.
Anausoma tena, herufi kwa herufi, hadi macho yanawasha,
ndipo anaona: ameandika jina, hakuandika kimya chake.
Sita si nane.
Anabonyeza ule ubao mrefu wa kibodi, mara moja,
mara ya pili.

Likaulizwa kwa jina,
likajibu kama jana:
herufi sita, na tena
nafasi mbili za kimya.

Taa ya kulia ikazimika. Ya kushoto ikatulia.
Juu, pafu likajichora kutoka pembeni kuja kati,
na Drahomíra, ambaye hajawahi kusikia habari za orodha yoyote,
akasema "haya sasa" na kwenda kumwita daktari.

Penye sababu, Květoslava aliandika maneno kumi na moja,
akayafuta,
akaacha mawili:
Bado yupo.